Hamira ya Kaka Mkubwa

Kama ungetaka kumtesa yule fundi umeme, usingehitaji kamba wala kiboko. Ungempa kiti tu na kumwambia akae. Mtaa mzima ulimwita Kiherehere, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu wa kiguu na njia: mkono unakaza swichi nyumba hii, roho imeshatangulia nyumba ya pili. Chai aliinywa amesimama. Mkewe alilalamika kwamba hata usingizini miguu ya mumewe iliendelea na safari.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa hamira.

Hamira ilikuwa ya kaka yake mkubwa, aliyefariki miezi minane nyuma. Kaka alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani na sokoni akizikagua mizani na kuzirekebisha mpaka sindano itulie pale inapotakiwa, na subira ile ya kungoja sindano itulie alirudi nayo nyumbani. Jikoni kwake alipika bia ya kunywa mwenyewe, ndoo moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, na hakuwahi kuuza hata chupa. Kila mara bia ilipoiva aliyakusanya mashapo yaliyolala chini ya ndoo, mazito, ya rangi ya uji, akayatia kwenye kopo la kioo na kuyaweka kwenye friji. Hayo mashapo ndiyo yaliyokuwa hamira hai, na ndoo iliyofuata ilianzia hapo. Kwa miaka kumi na tisa hakununua hamira nyingine.

Alipofariki, mkewe, mshonaji, aliendelea kulilisha lile kopo maji na sukari kijiko kimoja kila mwezi, kama alivyomwona mumewe akifanya. Kupika bia yenyewe hakujua. Ilipofika siku akaamua kuhamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa basi, alimwita shemeji yake zikiwa zimebaki wiki nne.

"Shemeji, nina ombi moja tu," alisema.

"Hata kumi."

"Moja linatosha. Nataka ninywe glasi moja ya bia ya kaka yako kabla sijaondoka. Tulikuwa tunainywa hapa mezani kila Jumamosi jioni, yeye na mimi. Zile chupa za mwisho walizinywa wageni waliokuja kunipa pole, mimi nimelala chumbani, sikuambulia hata tone. Hamira hii hapa. Daftari lake hili hapa, kila kitu ameandika. Soma, ufanye alivyosema, usiongeze la kwako."

"Ah, shemeji! Kwani mimi mtoto?"

Shemeji alilishika kopo kwa mikono miwili kabla ya kumpa.

"Ndiyo yote iliyobaki," alisema. "Hakuna kopo la pili."

Ukweli lazima usemwe: Kiherehere alimpenda kaka yake, na njia nzima aliapa moyoni kwamba safari hii atatulia. Kiapo kilimfikisha mlangoni kwake. Daftari alilisoma amesimama, kama mtu anavyosoma mabango ya dukani huku akipita, jicho likiokota neno hapa na neno pale. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kaka uliosimama wima, uliagiza kila kitakachogusa bia kichemshwe, na sabuni yenye harufu isikaribie. Yeye aliona neno "sabuni" akaridhika. Akaisugua ndoo kwa sabuni ya mkewe ya kufulia, ile inayonukia waridi mpaka barazani.

Alichemsha kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, akatia na yale maua makavu ya pakiti yanayoipa bia uchungu wake. Nyumba ikanukia vizuri hata jirani akachungulia. Mpaka hapo, tumpe haki yake, hakuharibu sana. Kazi ikabaki kungoja sufuria ipoe, na hapo ndipo mambo yalipomshinda.

Kipimajoto cha kaka alikuwa amekivunja asubuhi hiyohiyo kwa kukigeuza mwiko. Lakini kaka alikuwa ameandika njia nyingine: kama huna kipimajoto, shika ubavu wa sufuria kwa kiganja chote, uhesabu sitini polepole, ukivumilia mpaka mwisho, tia hamira. Maagizo mazuri kabisa kwa viganja vya fundi mizani, mtu aliyeshika vyuma vyake vidogo kwa kitambaa laini. Viganja vya Kiherehere vilikuwa vimeungua kwa risasi ya kulehemu na taa za moto miaka ishirini na mbili, vimekuwa vigumu kama soli. Angeweza kushika birika. Alishika sufuria, akahesabu sitini kama mtu anayefukuzwa, hakusikia chochote. Akaimimina yote kwenye ndoo, akatia hamira yote. Kulikuwa na sentensi inayosema ubakize nusu ya kopo kila mara, lakini ilikuwa ukurasa wa nyuma, na huko hakuwa amefika.

Hamira ikizama kwenye bia inatakiwa kuamka baada ya siku moja au mbili. Kwenye mfuniko wa ndoo kulikuwa na kibomba cha kupumulia, na hewa ikipita inalia blup, blup. Siku ya kwanza kibomba kilinyamaza. Kiherehere akafunua mfuniko achungulie. Akafunika. Akatoka akafunge taa kwa mteja, akarudi na ngazi begani, akafunua tena. Kwa siku tatu aliifunua ndoo ile mara nyingi kuliko alivyofungua mdomo kula.

"Umeiua," mkewe alimwambia. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na mambo ya hamira aliyajua.

"Imelala tu."

"Imelala au imekufa? Uliitia maji yakiwa ya moto kiasi gani?"

Kiherehere alimwonyesha kiganja. Mkewe alikitazama kile kiganja, akaguna, akaenda kuvua kofia yake ya kazini.

Ndipo Kiherehere alipofungua ule ukurasa wa nyuma. Kaka alikuwa ameandika kwamba maji yakiwa moto hamira hufa, na ikifa haifufuki. Chini yake alikuwa amepiga mstari. Miaka kumi na tisa ya mtu mwingine, na Kiherehere aliimaliza kwa mchana mmoja. Alizunguka meza, akatoka uani, akarudi, akaikaza skrubu ya bawaba ambayo haikuwa imelegea.

"Niletee hamira ya mikate," alimwambia mkewe. "Pakiti moja tu."

"Uitie kwenye bia ya shemeji?"

"Hatajua."

"Yule? Aliyekuambia mshono wa suruali yako umepinda, ukiwa upande wa pili wa barabara? Kamwambie ukweli, yaishe."

"Nitamwambia. Siyo leo."

Pakiti ililetwa, pamoja na uso wa kununa. Hamira ya mikate haikuwa na aibu: usiku mmoja tu, asubuhi povu limepanda mpaka limekitapisha kibomba na kutambaa sakafuni. Kiherehere akafurahi kama mtu aliyepona. Alipopita kwa shemeji kumfungulia taa za ukutani za kuhama nazo, akaulizwa bia inaendeleaje.

"Inatoa povu, shemeji! Kama ya kaka kabisa."

"Mungu akubariki," alisema shemeji, na akaendelea kukunja vitambaa. Masikio ya Kiherehere yaliwaka moto. Alishuka kwenye ngazi akaondoka huku amesahau bisibisi mbili.

Daftari lilisema ngoja mpaka kibomba kinyamaze, kisha ongeza siku mbili ndipo utie kwenye chupa. Yeye alijaza chupa siku ya tano, kibomba bado kinaimba. Daftari lilisema sukari kijiko kidogo kwa kila chupa ili ipate gesi. Yeye aliona kijiko kikubwa kitaharakisha mambo. Akapata chupa kumi na tisa, akazifunga kwa nguvu zake zote na kuzipanga kwenye chumba kidogo cha nyuma, chini ya meza ya kupigia pasi. Wiki mbili zilipita kwa namna hiyo, yeye kila siku akienda kuzigusa na kuzitikisa kidogo.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku sita shemeji aondoke, mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake baada ya chakula cha mchana. Ya kwanza ikapasuka. Sasa, mtu wa umeme akisikia mlipuko ndani ya nyumba hafikirii bia. Kiherehere aliruka kutoka barazani, akakimbilia swichi kuu, akazima nyumba nzima. Chumba kile hakina dirisha. Mkewe akabaki gizani na pasi mkononi, huku chupa zinalipuka miguuni pake moja baada ya nyingine, naye anapiga kelele, "Washa! Washa wewe!" na mumewe kutoka nje anajibu, "Usiguse kitu, ni waya!"

Zilipasuka kumi na moja. Mkewe alitoka amelowa mpaka magotini, hana mkwaruzo, na hiyo ilikuwa bahati tu. Alichukua moja ya zile nane zilizosalimika, akaifungulia uani huku ameifunika kwa taulo, akaonja, akampa mumewe naye aonje. Ilikuwa na ladha ya mkate uliochacha uliofungwa ndani ya shuka lililofuliwa.

"Hii ndiyo ungempelekea mjane wa kaka yako," alisema mkewe.

Kiherehere alisikia haya ya kweli, siyo ile ya masikio peke yake. Alizoa vioo, akapiga deki, kisha akafanya jambo ambalo mkewe alilisimulia kazini kesho yake: alikaa. Alipindua ndoo, akakaa juu yake uani, akalisoma daftari la kaka yake kutoka neno la kwanza hadi la mwisho.

Karibu na mwisho akakuta ukurasa unaoeleza jinsi ya kupata hamira kutoka kwenye chupa ya zamani. Kaka aliandika kwamba chini ya kila chupa ya bia hii, ikiwa imekaa gizani, kuna mashapo, na ndani ya mashapo hamira bado hai. Mimina bia yote taratibu bila kutikisa. Bakiza mashapo. Yape maji ya kimea yaliyopoa kabisa. Ngoja siku mbili, usiguse.

Kiherehere alisimama akasoma tena. Kumbe ingeweza kupatikana! Kilichotakiwa ni chupa moja tu ya kaka, popote ilipo.

Jumatatu hakufunga taa ya mtu. Alizunguka kwa wote ambao kaka aliwahi kuwagawia. Mwenye duka la vipuri alikuwa ameinywa zamani. Fundi viatu alikuwa ameinywa siku ileile aliyopewa, kabla hata ya kusema asante. Jirani wa zamani alikuwa na chupa, lakini ndani aliweka mafuta ya taa. Mpaka saa kumi jioni Kiherehere alikuwa hoi, miguu inamwaka, ndipo akaingia kwa kinyozi aliyemnyoa kaka kila mwezi.

Kinyozi alizima mashine, akamwacha mteja na nusu ya kichwa.

"Ninayo moja," alisema. Aliinama chini ya beseni, nyuma ya mataulo, akatoa chupa ya kahawia iliyofungwa kwenye gazeti. "Alinipa mwezi mmoja kabla ya kulazwa. Nimeshindwa kuinywa, ndugu yangu. Kila nikitaka kuifungua mkono unakataa."

"Nipe mimi. Ni kwa ajili ya shemeji. Anaondoka Jumamosi, na anataka bia ya kaka..."

"Basi mpelekee mwenyewe," kinyozi alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwambie nilimtunzia. Haijafunguliwa, mwambie."

"Nitamwambia!" alijibu Kiherehere, tayari yuko barabarani, chupa ameikumbatia kifuani.

Nyumbani alikuwa peke yake, mkewe yuko zamu. Safari hii alifuata daftari neno kwa neno, na anayesema hakujitahidi anamwonea. Alichemsha kopo, kijiko na mfuniko. Alipika maji ya kimea, na kwa kuwa viganja vyake hakuviamini tena, alikwenda kuazima kipimajoto kwa jirani mwenye mtoto mchanga, akangoja mpaka maji yakapoa kabisa. Kisha akafungua chupa. Ilitoa pumzi ndogo, fff. Akaiinamisha juu ya sinki akamimina bia yote taratibu, bila kutikisa, akishikilia kiwiko kwa mkono wa pili ili kisitetemeke. Alichukua dakika nzima. Mashapo hayakusogea. Alijisifu kwa sauti, jikoni peke yake. Akayatia kwenye kopo, akayapa maji ya kimea, akafunika. Na kwa kuwa usafi sasa ulikuwa umemwingia kichwani, chupa nayo akaichemsha mara mbili, akaipanga juu ya kabati inang'aa.

Siku mbili zile zilimtesa. Alilizunguka kopo bila kuligusa. Alitengeneza kengele ya mlango iliyokufa miaka mitatu. Alikwenda kwa wateja akarudi, akaweka mikono mfukoni, akaitoa, akairudisha. Jumatano jioni, pembeni ya kioo, akaona tundu moja dogo la hewa linapanda, kisha la pili, kisha kundi zima. Povu jembamba jeupe likazunguka ukingo. Fundi umeme mwenye mvi alilia kama mtoto, na mkewe aliporudi akamkuta hivyo, akalitazama kopo, akamshika bega.

"Haya," alisema. "Sasa kamwambie."

Alikwenda Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Nyumba ya shemeji ilikuwa maboksi tu, sauti zinarudi kutoka ukutani. Cherehani imeshafungwa kamba. Kiherehere hakungoja kukaribishwa, kwa sababu alijua akingoja atakimbia.

"Shemeji, niliiua hamira. Siku ya kwanza kabisa. Maji yalikuwa ya moto, sikungoja. Nikatia ya mikate, nikakudanganya. Chupa zikapasuka, zilizobaki hazinyweki."

Shemeji aliweka chini utepe wa gundi aliokuwa akifungia boksi.

"Nilihisi," alisema. "Ulikuwa unaniambia inatoa povu huku unaitazama dari."

"Nisamehe, shemeji."

"Unaniambia leo, zimebaki siku mbili."

"Lakini tazama!" Akalitoa kopo kwenye mfuko wa zana na kulinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Ni yenyewe. Ya kaka. Imefufuka, shemeji, ni nzima!"

Alilipokea. Viputo vilikuwa vinapanda bila kuchoka. Uso wake, uliokuwa umekaza tangu Kiherehere aingie, ukalegea, na akacheka kidogo kwa pua.

"Umeipata wapi?"

"Kwa kinyozi. Alikuwa na chupa moja ya kaka, ameitunza chini ya beseni. Ameniambia nikuambie alikutunzia wewe. Haijafunguliwa."

Shemeji alilishusha kopo mezani polepole mno.

"Chupa ya bia yake?"

"Ndiyo."

Shemeji aligeuka, akalivuta boksi la vyombo lililokwisha kufungwa, akalichana kwa kucha. Akatoa glasi mbili, akazivua magazeti, akazifuta kwa upindo wa gauni lake, akaziweka mezani, moja upande wake na moja upande wa shemeji yake. Akavuta kiti.

"Haya, iko wapi?" aliuliza. "Itoe."

Hapo ndipo Kiherehere alipoelewa. Alielewa yote kwa mara moja, tangu kinyozi alipoinama chini ya beseni.

"Shemeji," alisema, "niliimimina."

"Uliimimina wapi?"

"Kwenye sinki."

Shemeji aliisogeza pembeni ile glasi ya pili.

"Daftari lilisema mimina bia taratibu, bakiza mashapo. Mimi nikafuata daftari. Neno kwa neno."

"Hukuonja?"

"Hata tone."

"Na chupa?"

"Nimeichemsha," alisema Kiherehere. "Mara mbili."

Miguu ya Kiherehere ilimwambia akimbie, akatafute, akagonge mlango wa mtu mwingine. Alikwisha kugeukia mlango. Lakini milango yote alikuwa ameigonga Jumatatu, na chupa nyingine haikuwepo mahali popote duniani.

"Kaa, shemeji," alisema mjane wa kaka yake.

Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Alikuwa ameishika glasi yake tupu kwa mikono miwili.

"Umesema uliimimina taratibu."

"Taratibu sana. Dakika nzima."

"Basi uliiona. Kaa hapa uniambie. Ilikuwa na rangi gani? Povu lilikuwaje? Ilinukia nini ulipoifungua? Anza pale mwanzo, usiruke kitu."

Kiherehere akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.